Mazungumzo ya Juma: Maksai Asiyechinjwa



Juma lililopita tulipokea barua ya mwanafunzi wa darasa la sita, karatasi moja iliyoandikwa pande zote mbili na kukunjwa mara nne. Tuliisoma, tukairudia, kwani analouliza si jambo la kitoto. Asema ya kuwa ng'ombe wa nyumbani kwao alikufa katika kuzaa, akaacha ndama dume. Baba yake akamkabidhi ndama huyo amnyweshe maziwa kwa chupa, maana wengine walikuwa na kazi za shamba. Leo ndama ana miezi mitano. Humsindikiza mpaka penye njia ya shule, hulala chini ya dirisha lake, huitika akiitwa jina. Majuzi wajomba walikuja kunena habari za arusi ya dada yake itakayofanywa mwakani, na katikati ya maneno yao mmoja akageuka kumtazama ndama, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika na kipimo. Mwanafunzi akafahamu. Ndipo akatuandikia kuuliza mambo matatu: Je, mtu aweza kufuga ng'ombe dume kwa urafiki tu? Je, ni aibu kumlilia mnyama? Na tena, ndama akibaki hai, pembe zake zikatwe ama ziachwe?

Tuanze na la kwanza. Najua wengi mtacheka. Ng'ombe ni mali, mtasema, si paka wa kukaa jikoni. Dume asiyetakiwa kwa mbegu huhasiwa akawa maksai, hulishwa akanenepa, kisha huuzwa au huchinjwa. Maziwa hana, wala hazai. Kila siku anayoishi baada ya kukomaa ni majani yasiyorudi. Ndivyo anenavyo mtu wa hesabu, na hesabu yake haina kosa.

Walakini wapo maksai waliofugwa mpaka uzeeni bila kudaiwa kitu, na mmoja aliyekuwa mashuhuri sana alitokana na ng'ombe wa nchi zetu za maziwa makuu. Mnawafahamu wale ng'ombe wenye pembe ndefu zilizopindika kama mwezi mchanga, ambao hufugwa toka Ankole ya Uganda mpaka Rwanda, Burundi na milima ya Kivu. Wazungu waliofika huku mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walistaajabu kuwaona, wakawachukua baadhi yao kuwaonyesha katika bustani za wanyama za Ulaya. Kutoka huko wengine wakavushwa bahari mpaka bustani za Marekani, na baadaye wenye mashamba wa huko wakaanza kuwazalisha. Wakawaita Ankole-Watusi, na mwaka 1983 wakafungua daftari la kuandikia ukoo wao.

Maksai mmoja wa ukoo huo aliitwa Lurch. Alikuwa na umri wa majuma matano tu aliponunuliwa na Bibi Janice Wolf, mwenye makimbilio ya wanyama huko Gassville katika jimbo la Arkansas. Hakununuliwa kwa nyama. Akakua, na pembe zikakua naye, zikanenepa kuliko zilivyopanuka. Tarehe 6 Mei 2003 walipima mzingo wa pembe yake penye shina, wakapata sentimeta 95.25, nayo ikaandikwa katika kitabu cha Guinness kuwa pembe nene kupita zote za maksai waliopimwa. Chukueni kamba mpime kiuno cha mtu mzima aliyeshiba. Pembe moja ilikuwa kadiri hiyo. Inasemwa kila moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 45. Watu walisafiri mbali kumwona, naye aliwaacha wamshike. Mwaka 2010 akafa kwa saratani iliyomshika penye shina la pembe.

Mwingine wa ukoo huohuo, aitwaye Howdy Doody, alichekesha dunia tarehe 30 Agosti 2023. Polisi wa mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, walipigiwa simu kwamba mtu anaendesha motokari na ng'ombe yumo ndani. Walidhani ni ndama. Wakakuta ng'ombe mkubwa amesimama pahali pa abiria, nusu ya paa imeondolewa ili kichwa na pembe zipate nafasi. Mwenyewe alikuwa amemzoeza hivyo kwa maandamano ya sikukuu. Polisi walimwonya, wakamwambia arudi nyumbani na rafiki yake.

Hata hivyo tusidhani ya kwamba kumpenda ng'ombe ni uvumbuzi wa Wamarekani. Pale Rukari, Nyanza, katika nyumba ya kumbukumbu ya wafalme wa Rwanda, ng'ombe wa inyambo wangali wanatunzwa. Wachungaji wao huwaimbia, huwapamba shingo na vipaji vya nyuso, nao hutembea kwa madaha kama wanaojua kwamba wanatazamwa. Sifa zao, amazina y'inka, ni utungo wenye sheria zake, na hata leo hutolewa katika arusi za Wanyarwanda. Lakini inyambo hawakufugwa bure. Kazi yao ilikuwa utukufu wa mfalme, na mfalme alikuwa na malisho na wachungaji wengi. Kwa mwanafunzi wetu mambo si hivyo. Malisho ni ya baba, mchungaji ni yeye peke yake, tena asubuhi yuko shuleni.

Basi, mwanangu, twende kwenye hesabu, maana hapo ndipo urafiki hupimwa. Maksai wa kilo 500 huhitaji chakula kikavu kadiri ya kilo 10 kila siku. Majani mabichi yamejaa maji, kwa hiyo ukimkatia mabichi ni kilo 50 hivi, mizigo miwili ya kumchosha mtu mzima. Maji atakunywa lita 30 mpaka 50, na siku za jua kali zaidi. Hapo sijanena habari ya kumwogesha dawa ya kupe, ambayo haina budi kufuata majira yake, isije ndigana ikamwua kabla ya wajomba. Mwaka 2024 kitabu cha Guinness kiliandika habari za Romeo, maksai wa aina ya Holstein huko Oregon, mwenye kimo cha mita 1.94 kutoka kwato mpaka begani. Naye aliokolewa akiwa na siku 10 tu za kuzaliwa, kwa kuwa katika mashamba ya maziwa ndama dume hana kazi. Wenye kumtunza husema kwamba hula kilo 45 za majani makavu kwa siku, mbali na nafaka. Wamelazimika kuwaomba watu wa mbali wawasaidie kulipa chakula chake, wala siwashangai.

Tena kuna hesabu ya miaka. Ng'ombe wa nyama huko ng'ambo huchinjwa mara nyingi kabla hajatimiza miaka miwili, na kwa sababu hiyo watu hawajui kuwa ng'ombe ni mnyama wa kuishi. Akitunzwa vema aweza kufika miaka 15, hata 20. Huko Ireland alikuwako ng'ombe jike aitwaye Big Bertha, aliyezaliwa mwaka 1945 na kufa siku ya mwisho ya mwaka 1993. Huyo alipita wenzake wote, wala simweki kuwa kipimo. Lakini chukua miaka 20 tu. Wewe una miaka 12 au 13. Utamaliza shule, labda utakwenda kusoma mjini, utaoa, utapata mtoto, na yeye angali zizini akingojea majani. Nani atayakata? Usinijibu mimi, mjibu baba yako, maana ndiye atakayeuliza.

Kwa nguruwe mambo ni yaleyale. Mwaka 2012, nchini Canada, kijana mmoja alipewa mtoto wa nguruwe akaambiwa ni wa aina ndogo, hatazidi kilo 30 au karibu. Wakamwita Esther, wakamweka nyumbani pamoja na mbwa. Esther alikua mpaka akapita kilo 250. Wenyewe walimpenda hata hawakuweza kumwuza, wakahama mji, na mwaka 2014 wakafungua shamba kwa ajili yake na wanyama wengine waliokosa makao. Aliishi huko mpaka alipokufa mwaka 2023. Ni habari njema, lakini mtu angaliye mfukoni kwanza: si kila nyumba yaweza kununua shamba kwa sababu ya nguruwe mmoja.

Sasa nataka kusema na wazazi, kwa maana jambo la barua hii si kosa la mtoto. Huko Marekani, watoto wengi wa mashambani hujiunga na vyama vya vijana kama kile kiitwacho 4-H, hupewa mwana-kondoo, mbuzi au maksai, humlisha kwa miezi kadha, humchana manyoya, kisha humpeleka kwenye maonyesho ya wilaya, na huko mnyama huuzwa kwa mnada akawe nyama. Makusudi ni mema: mtoto ajifunze kazi, na ajue chakula chake kimetoka wapi. Lakini mwaka 2022, katika wilaya ya Shasta jimboni California, msichana wa miaka tisa alimpeleka mbuzi wake, Cedar, kwenye mnada, na saa ilipofika akashindwa. Akalia, akamshikilia mbuzi. Mama yake akawaomba wakubwa wa maonyesho wafute mauzo, akaahidi kulipa hasara yote. Wakakataa, sheria ni sheria. Mnada ukatoa dola 902. Mama akamchukua mbuzi usiku, akamficha katika shamba la mbali, na mnunuzi mwenyewe hakutaka ugomvi. Hata hivyo maaskari walitumwa mamia ya kilomita, wakamkamata mbuzi, wakamrudisha, akachinjwa. Mambo yakaenda mahakamani, na mwaka 2024 wilaya ikakubali kulipa dola 300,000.

Mimi sisemi mnada ni mbaya, wala kwamba nyama isiliwe. Jioni hii naona harufu ya mchuzi wa mbuzi toka kwa jirani, na nikialikwa nitakwenda. Nasema kwamba watu wazima walitaka mambo mawili kwa mtoto mmoja: ampende mnyama kiasi cha kuamka usiku kumtazama, kisha amwache kama mtu anayeweka gunia la mahindi sokoni. Mtu mzima aweza kuchukua hayo mawili, tena si kila mtu mzima. Basi sisi, je? Tunampa mtoto mbuzi yatima amlee, twamsifu kwa bidii yake, twacheka tukiona mbuzi anamfuata. Ada ya shule ikikaribia, mbuzi hayupo, na mtoto huambiwa ametoroka. Mara ngapi tumesema hivyo?

Nitawaeleza langu, kwa kuwa mwanafunzi ameuliza kama ni aibu kulia. Nilipokuwa na miaka tisa nilimlea mwana-kondoo dume. Nilimfundisha mchezo: namwekea kiganja penye paji la uso, yeye anasukuma, nami nasukuma. Alipokuwa mdogo watu wa nyumbani walifurahi kutazama. Akakua, akaota pembe, na mchezo hakuusahau. Siku moja mama yake baba alikuwa akipita na dumu la maji. Kondoo akarudi nyuma hatua tatu, kama nilivyomfundisha, akamjia mbio. Mama mzee akaanguka, akavunjika mkono, na mkono ule haukunyooka tena mpaka alipokufa.

Jioni tulikula nyama. Nilikula, nikaomba kuongezwa, kwa maana hakuna aliyeniambia. Asubuhi nilikwenda zizini nikaita, nikatoka nikaita nyuma ya nyumba. Dada yangu hakusema neno. Alielekeza kidole kwenye ngozi iliyotandazwa juani. Nililia siku mbili, na baba akaniona mpumbavu. Leo nami ni baba, na naona kwamba katika jambo lile mwenye hatia ya kwanza ni mimi niliyefundisha mchezo, lakini mimi sikuambiwa kwamba ni hatari. Kondoo hakuwa na hatia yoyote. Kuhusu nyama, ningetaka kuambiwa. Huenda nisingekula, huenda ningekula. Lakini ningekuwa nimeagana naye.

Kwa hiyo, mwanangu, lia ukitaka. Na ninyi wazazi, mnyama aliyekwisha kuwekewa siku yake asipewe mtoto mdogo amlee kwa chupa. Na kama hapana mtu mwingine, mtoto aambiwe neno hilo siku ya kwanza, kabla hajampa jina.

Lakini mambo yamekwisha kuwa, na jina limekwisha kutolewa. Lifanywe nini? Shauri langu ni hili. Usingoje wajomba warudi. Nenda kwa baba yako jioni moja, peke yenu, umweleze hesabu niliyokuandikia, usifiche hata mzigo mmoja wa majani. Kisha umwulize kama ndama aweza kubaki akiwa maksai wa kazi. Huko Tanzania, katika nchi ya Wasukuma na pande za Mbeya, maksai huvuta jembe na mkokoteni, nao hutunzwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Maksai wa kazi hula majani yake kwa haki, na hapana anayemtazama kwa jicho la arusi. Huanza kuzoezwa kamba angali ndama, na kazi nzito huingizwa polepole anapofika miaka mitatu hivi. Ila nira ni ya wawili, kwa hiyo baba yako atalazimika kutafuta wa pili. Hilo ni gharama, nalo ni jema pia, kwani ng'ombe ni mnyama wa kundi. Hata ukimpenda namna gani, wewe huwezi kumlamba shingo wala kulala naye malishoni mkicheua pamoja.

Na hapa lipo neno la hatari ambalo nataka baba yako alisome kwa macho yake. Ndama aliyelelewa na mtu peke yake, asiyeona ng'ombe wenziwe, hukua akidhani kwamba mtu ni ng'ombe mwenzake. Angali mdogo jambo hilo hupendeza. Akiwa fahali, hutaka kushindana na wanadamu kama fahali washindanavyo. Mwaka 1990 wataalamu wawili, Price na Wallach, walitangaza uchunguzi wao juu ya madume ya Hereford: wale waliolelewa kwa mkono wakiwa wametengwa walikuwa wepesi zaidi wa kuwatishia watu kuliko wale waliolelewa pamoja na wenzao. Kwa hiyo mpeleke ndama kundini, hata la jirani, mapema iwezekanavyo, alale huko, si chini ya dirisha lako. Mwite tabibu wa mifugo amhasi sasa hivi, akiwa bado mdogo; wenye ujuzi hutumia koleo maalumu la kuhasi, lisilopasua ngozi. Maksai huwa mtulivu kuliko fahali, lakini utulivu haupunguzi uzito. Mkono wako usiuweke kamwe penye paji lake la uso kwa mchezo. Ukitaka kumfurahisha, mkune chini ya shingo, pale ambapo ng'ombe hulambana wenyewe kwa wenyewe.

Imebaki habari ya pembe. Ndama akiwa na majuma machache, kitako cha pembe kingali katika ngozi tu, hakijashika fuvu, na tabibu aweza kukiunguza upesi baada ya kutia dawa ya ganzi. Kwa ndama wa miezi mitano wakati huo umepita. Pembe imekwisha kushikamana na mfupa wa kichwa. Ndani yake mna damu na mishipa yenye kuhisi maumivu, na kuikata ni kufanya jeraha, ambalo katika majira haya ya nzi laweza kuoza. Tena, kama ndama wako ni wa zile ng'ombe zetu za pembe ndefu, damu ipitayo ndani ya pembe humsaidia kutoa joto la mwili wakati wa jua. Ziache. Mzoeze tu kusimama kimya unapomfunga kamba, na wewe mwenyewe ujizoeze kumkaribia toka ubavuni, penye bega, si toka mbele. Maana hata ng'ombe mpole, akigeuza kichwa kufukuza nzi, hatazami kwanza ni nani aliyesimama karibu.